Si kila damu ni bawasiri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu saratani ya utumbo mpana

Maswali haya yamepangwa kwa jinsi watu wanavyouliza, si kwa jinsi vitabu vya tiba vinavyofundisha. Ndiyo maana tunaanza na damu. Anayeuliza kuhusu saratani hii kwa kawaida hakuja na neno saratani mdomoni. Amekuja na damu aliyoiona chooni, au damu ambayo mzazi wake aliificha mwaka mzima.

Nikienda haja kubwa naona damu. Si ni bawasiri tu?

Huenda ikawa bawasiri kweli, na wengi wanaoona damu nyekundu kwenye karatasi au juu ya choo hawana saratani. Lakini bawasiri na saratani zinaweza kukaa kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Aliyeiona bawasiri mlangoni hajaona kilichopo sentimita kumi ndani.

Safari ya wagonjwa wengi wa kwetu inafanana. Kwanza ni dawa ya kupaka kutoka duka la dawa, kisha vidonge vya kuingiza, kisha mizizi ya yule mwenye bango la "tunatibu bawasiri bila upasuaji". Damu inakatika wiki mbili, mgonjwa anashukuru, halafu inarudi. Hapo ndipo mtego ulipo: uvimbe wa saratani nao hutoa damu kwa vipindi. Hukauka wenyewe, na dawa iliyokuwa mkononi siku hiyo ndiyo inayopewa sifa. Miezi minane inapita hivyo, wakati mwingine miaka miwili.

Kwa hiyo jina la bawasiri litolewe na mtu aliyekupima. Kipimo cha kwanza hakina gharama kubwa wala mashine: daktari huvaa glavu, hupaka mafuta na kuingiza kidole. Sehemu kubwa ya uvimbe wa puru, yaani kile kipande cha mwisho cha utumbo, inaweza kufikiwa kwa kidole hicho. Najua wanaume wengi hukikwepa, na wapo wanaoficha maumivu ya sehemu hiyo kwa kuogopa kufikiriwa vibaya. Daktari hafikirii lolote. Anatafuta uvimbe, basi.

Mbona mimi nilishapima choo na nikaambiwa ni kisafi?

Uliza walichokuwa wanatafuta. Kipimo cha choo cha kawaida katika zahanati zetu ni cha hadubini, cha kutazama mayai ya minyoo na amiba. Hakitafuti saratani. Mtu anaweza kuwa na uvimbe wa ukubwa wa limau na choo chake "kisafi".

Kipo kipimo kingine cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Aina mpya hutambua damu ya binadamu peke yake, kwa hiyo nyama uliyokula jana haiivurugi. Kikitoa jibu la kuwapo damu, hakijasema una saratani. Kimesema utumbo utazamwe kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa. Na kama tayari unaiona damu kwa macho yako, hakina kazi kwako: nenda moja kwa moja kwenye kamera.

Jambo jingine la kuangalia ni amiba. Ukishapewa dawa ya amiba mara tatu kwa tatizo lilelile, huenda jina la ugonjwa limekosewa.

Dalili nyingine ni zipi?

Inategemea uvimbe umekaa upande gani. Upande wa kulia wa tumbo utumbo ni mpana na choo bado ni majimaji, hivyo uvimbe unaweza kukua sana bila kuziba chochote. Damu inavuja kidogo kidogo na kuchanganyika na choo mpaka haionekani. Mgonjwa anachokiona ni uchovu, kuishiwa pumzi akipanda mlima, moyo kwenda mbio, macho kuwa meupe. Anapimwa, wingi wa damu uko chini, anapewa vidonge vya kuongeza damu au hata kuongezewa chupa mbili, na anarudishwa nyumbani. Swali ambalo halikuulizwa ni hili: damu imekwenda wapi? Mwanamume mtu mzima, au mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, akipungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma, utumbo wake uchunguzwe.

Upande wa kushoto njia ni nyembamba na choo kimeshakuwa kigumu. Huko dalili ni mabadiliko ya choo: wiki hii kinafunga, wiki ijayo unaharisha, au kinatoka chembamba kuliko ulivyozoea. Kwenye puru kuna dalili inayosumbua sana, ya kuhisi haja haijaisha hata baada ya kutoka chooni. Unarudi, unakamua, hakuna kitu, labda ute na damu.

Kupungua uzito bila kufanya juhudi, tumbo kusokota na uvimbe unaoshikika ni dalili za baadaye. Tumbo likijaa, ukatapika, na hakuna choo wala upepo unaotoka, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali usiku huohuo, iwe ni saratani au utumbo umejisokota.

Choo cheusi kama lami kinaweza kuonyesha damu inayovuja juu, kwenye tumbo la chakula, nayo ni dharura. Ila kumbuka kwamba vidonge vya madini ya chuma hukifanya choo kuwa cheusi bila ubaya wowote.

Saratani hii inaanzaje?

Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu. Kazi yake ni kufyonza maji na kutengeneza choo. Ngozi yake ya ndani hujibadilisha kila baada ya siku chache, na katika kujibadilisha huko seli nyingine hukosea. Hutokea kinyama kidogo kinachoitwa polipu, kama uyoga au kama kipele kilicholala. Vinyama vingi havigeuki kuwa saratani kamwe. Vile vinavyogeuka huchukua muda mrefu, mara nyingi miaka kumi hivi.

Muda huo ndio bahati yetu. Kinyama kikionekana kwa kamera hukatwa palepale, na saratani ambayo ingekuja haiji. Kwa saratani nyingi kupima ni kuwahi ugonjwa. Hapa kupima kunaweza kuuzuia usizaliwe.

Huu si ugonjwa wa Wazungu?

Duniani kote ni saratani ya tatu kwa wingi wa wagonjwa, na ya pili kwa kuua baada ya ile ya mapafu. Kila mwaka hupata wagonjwa wapya wapatao milioni 1.9 na kuua watu takriban 900,000. Pelé alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa utumbo mpana mwaka 2021 na kufariki Desemba 2022. Chadwick Boseman, yule mwigizaji Mmarekani mweusi, aliugundua mwaka 2016 ukiwa tayari hatua ya tatu, akafa mwaka 2020 akiwa na miaka 43.

Wazo kwamba hautuhusu lina historia, na sehemu yake iliandikwa hapa kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko hadi miaka ya 1960, kwanza Lira na baadaye hospitali ya Mulago jijini Kampala. Wengi wanamjua kwa uvimbe wa taya za watoto uliopewa jina lake. Lakini alishangazwa pia na kitu alichokikosa: maradhi ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu kwenye wodi zake. Yeye na wenzake wakafika mpaka kupima uzito wa choo na muda ambao chakula hutumia kupita tumboni. Wanavijiji wa Afrika walitoa choo kingi zaidi, laini zaidi, na kwa muda mfupi zaidi kuliko Waingereza. Akasema tofauti ni nyuzinyuzi za kwenye chakula.

Hakuwa sahihi kwa kila kitu. Hospitali zilikuwa chache, waliofia nyumbani hawakuhesabiwa, na jamii ilikuwa na vijana wengi kuliko wazee. Hata hivyo msingi wa hoja yake umesimama. Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio ambalo huwa nalisimulia mara nyingi. Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili: Wamarekani wakala vyakula vya nyuzinyuzi nyingi, na wale wa Afrika Kusini wakala nyama na mafuta kwa mtindo wa Marekani. Baada ya wiki mbili tu, uvimbemoto, yaani mwasho wa ngozi ya ndani ya utumbo, ulipungua kwa Wamarekani. Kwa wale wa Afrika Kusini, viashiria vya hatari vilipanda.

Kwa hiyo rangi ya ngozi haikuwa kinga. Kinga ilikuwa kwenye sahani, na sahani tumeshaibadilisha.

Basi nile nini?

Vingi vya unavyohitaji vipo gengeni. Nyuzinyuzi hazimeng'enywi, hufika utumbo mpana zikiwa nzima, na bakteria wa huko huzichachusha na kutoa asidi inayolisha ngozi ya utumbo na kuilinda. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi ulionyesha kwamba kila gramu 10 za nyuzinyuzi unazoongeza kwa siku huenda na upungufu wa hatari wa kama asilimia 10. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 12 hadi 15 hivi. Makande, kunde, mbaazi, choroko, ulezi, mtama, uwele, viazi vitamu na maganda yake, mapera: hakuna kitu cha kuagiza nje hapo. Mboga za majani nazo, matembele, kisamvu na mchicha, ziwe mlo na si pambo la pembeni ya sahani.

Kuhusu ugali, dona ni bora kuliko sembe, kwa sababu kukoboa ndiko kunakoondoa pumba na kiini. Lakini dona lina sharti moja ambalo wanaolisifu huwa hawalitaji. Mahindi yaliyovunwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na sumukuvu inasababisha saratani ya ini. Kwa dona, mahindi yakauke vizuri, yachambuliwe, na yaliyoharibika yasipelekwe mashineni. Yasilishwe kuku pia.

Maziwa na vyakula vingine vyenye kalisi vinahusishwa na hatari ndogo zaidi. Vidonge vya vitamini havijawa mbadala wa chakula.

Na nyama je? Nyama choma ndiyo starehe yetu.

Mwezi Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka nyama za viwandani, yaani soseji, bekoni, salami na nyama za kopo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kila gramu 50 zinazoliwa kila siku, karibu na soseji moja, huongeza hatari ya saratani hii kwa asilimia 18 hivi. Nyama nyekundu ya kawaida, ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au kitimoto, iliwekwa daraja la chini yake: huenda inasababisha.

Kwa kuwa sigara nayo imo kwenye kundi la nyama za viwandani, watu wakasoma wakasema soseji ni sawa na sigara. Hapana. Kundi linaeleza uhakika wa ushahidi, halilinganishi ukubwa wa hatari. Ushauri wa kawaida ni nyama nyekundu isiyozidi nusu kilo hivi kwa wiki ikiwa imeshapikwa. Kwa familia nyingi zinazopika nyama Jumapili, kiasi hicho hakifikiwi. Kinafikiwa na kupitwa na yule anayekaa kwenye jiko la nyama choma kila Ijumaa na Jumamosi, na bia pembeni. Sehemu iliyoungua ikawa mkaa, ikate utupe.

Mimi ningeanza na soseji ya mtoto ya kila asubuhi. Hiyo si mila ya mtu yeyote.

Pombe na sigara zinaingiaje tumboni?

Mwili huibadilisha pombe kuwa kemikali inayoharibu vinasaba vya seli, na hatari hupanda kadiri unavyokunywa. Bia, mvinyo, konyagi, gongo, mbege: kinachohesabika ni kilevi kilichomo, si bei ya chupa. Sigara nayo huongeza vinyama na saratani ya utumbo, mbali na yote mengine inayoyafanya.

Uzito na mazoezi vinahusika?

Vinahusika. Mafuta yanayokaa tumboni, kisukari cha aina ya pili na kukaa kwenye kiti siku nzima vyote huongeza hatari. Kitambi bado tunakiita dalili ya mambo kuwa mazuri, na sidhani maneno yangu yataibadilisha tabia hiyo. Kutembea haraka nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, kunatosha kuwa mwanzo. Mkulima anayelima kwa jembe hahitaji ushauri huu.

Pilipili, kukosa choo na "kusafisha utumbo"?

Pilipili haisababishi saratani hii. Inaweza kuwasha bawasiri, ndiyo maana inalaumiwa. Kukosa choo kwa miaka mingi hakujathibitishwa kuwa chanzo, lakini kukosa choo *kulikoanza juzi* kwa mtu mwenye miaka 50 ni dalili ya kuchunguzwa. Na dawa za kusafisha utumbo zinazouzwa mitandaoni haziondoi polipu hata moja. Zinakuharisha na kukupotezea maji na chumvi.

Naishi kandokando ya Ziwa Victoria. Kichocho kinahusika?

Kichocho cha tumbo, kilichozoeleka kanda hiyo, kinaweza kuleta damu na ute kwenye choo, na hata vinyama kwenye utumbo. Kitibiwe. Lakini damu ikiendelea baada ya tiba, usirudie dawa ileile mara ya tatu. Omba uchunguzwe zaidi.

Mama yangu alikufa kwa ugonjwa huu. Nami nitaupata?

Si lazima, ila hatari yako ni kubwa kuliko ya jirani. Mwenye mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye au mtoto aliyeugua hushauriwa kupimwa kwa kamera akifika miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu huyo aligunduliwa, lolote litakalotangulia. Mama aligunduliwa na miaka 45? Wewe anza na 35.

Kuna koo ambazo ugonjwa unarithiwa waziwazi. Mmoja wa urithi huo huitwa Lynch. Huleta saratani ya utumbo katika umri mdogo, na kwa wanawake saratani ya mfuko wa uzazi pia. Mwingine hujaza utumbo polipu mamia kwa maelfu tangu ujana, na bila upasuaji karibu kila mwenye nao hupata saratani. Koo za namna hiyo huishia kuambiwa zimerogwa. Ukiona watu watatu wa damu moja wamekufa kwa "tumbo" kabla ya miaka 50, andika majina yao na umri wao, uende nao kwa daktari.

Kama sina dalili yoyote, nianze kupima lini?

Marekani ilishusha umri wa kuanza kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021, kwa sababu wagonjwa vijana wanaongezeka. Kipimo cha damu iliyofichika hufanywa kila mwaka. Kamera ikiwa safi, hurudiwa baada ya miaka kumi. Kwetu ni juu ya mtu mwenyewe kuomba. Anayeweza, aanze na 45. Asiyeweza kumudu kamera, kipimo cha choo kina nafuu kubwa.

Kamera hiyo inafanywaje? Inauma?

Kolonoskopi ni mpira mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera mbele, unaopitishwa njia ya haja kubwa. Sehemu ngumu ni siku iliyotangulia. Unaacha vyakula vigumu, unabaki na maji, supu iliyochujwa na chai ya rangi, kisha unakunywa lita kadhaa za dawa ya kuharisha mpaka kinachotoka kiwe kama maji. Usinywe juisi ya rozela siku hiyo. Rangi yake itamchanganya daktari. Anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda aseme mapema.

Siku yenyewe unachomwa sindano ya kukutuliza, na wengi husinzia. Kazi huchukua kati ya nusu saa na saa nzima. Kinyama kikionekana hukatwa na kupelekwa maabara, nawe husikii, kwa sababu ngozi ya ndani ya utumbo haina hisia ya kukatwa. Utumbo kutoboka hutokea kwa nadra, chini ya mtu mmoja kwa kila elfu. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, usipande bodaboda peke yako.

Ni kweli saratani ikiguswa na kisu inasambaa?

Si kweli, na uongo huu umeua watu. Ulizaliwa kwa kuona: wagonjwa waliofika wamechelewa walifunguliwa, saratani ikakutwa imeshafika kwenye ini, wakafungwa na kufa baada ya wiki chache. Ndugu wakalaumu kisu. Upasuaji ndio tiba kuu ya saratani hii. Hukatwa kipande chenye uvimbe pamoja na matezi yake, na ncha mbili zikaunganishwa. Kisha huenda zikafuata dawa za dripu au vidonge kwa miezi mitatu hadi sita. Kwa saratani ya puru kuna mionzi pia, ambayo mara nyingi hutangulia upasuaji.

Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi hutibu saratani. Kenya kuna Kenyatta na Moi ya Eldoret, na Kampala kuna taasisi ya saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967.

Nitawekewa mfuko tumboni maisha yote?

Wengi hawawekewi. Wengine huwekewa kwa miezi michache ili mshono upone, kisha utumbo hurudishwa. Wachache, hasa ambao uvimbe uko chini kabisa karibu na njia ya haja, hubaki nao. Watu wenye mfuko hufanya kazi, huswali, hulala na wenzi wao. Shida halisi kwetu ni bei na upatikanaji wa mifuko yenyewe. Ulizia hilo kabla ya upasuaji: itapatikana wapi, bei gani, bima italipa?

Inapona?

Kwa takwimu za Marekani, saratani ikikutwa haijatoka nje ya utumbo, takriban watu 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikikutwa imeshafika kwenye ini au mapafu, ni mmoja kati ya 10 na kidogo zaidi. Ugonjwa ni uleule. Kilichobadilika ni tarehe ya kugunduliwa.

Nikifika kwa daktari nisemeje?

Usiseme "nina bawasiri", maana utaandikiwa dawa ya bawasiri. Eleza ulichokiona: damu ilianza lini, ina rangi gani, imechanganyika na choo au iko juu yake, choo kimebadilikaje, uzito umepungua kiasi gani, na nani katika ukoo aliugua. Taja na dawa zote ulizokwisha kutumia, za dukani na za mitishamba. Hakuna atakayekufokea, na akikufokea, vumilia umalize kueleza. Kisha omba upimwe kwa kidole siku hiyohiyo. Kama hapo hakuna kamera, usiondoke bila barua ya rufaa.